Peter Medawar: Aliyeonyesha kwamba mwili hujifunza kumtambua mgeni

Miongoni mwa wanasayansi waliofanya kazi nchini Uingereza katika karne ya 20, ni wachache ambao kazi yao imegusa uhai wa watu wengi kama Peter Brian Medawar. Kila anayeishi leo kwa figo, ini au moyo wa mtu mwingine anaishi kwa maarifa ambayo sehemu ya mizizi yake imo katika maabara za Oxford, Birmingham na London, alimofanya kazi mtaalamu huyo wa elimu ya wanyama.

Swali lililomtawala lilikuwa fupi: mwili unatambuaje kilicho chake na kisicho chake? Kabla ya kazi yake, utambuzi huo ulionekana kuwa jambo la kuzaliwa nalo, lililoandikwa katika urithi wa kiumbe na lisilobadilika. Medawar na wenzake wawili walionyesha kwamba mwili hufundishwa. Kipo kipindi kifupi, kabla ya kuzaliwa au karibu na kuzaliwa, ambapo kiumbe hujifunza kipi ni chake. Kinachowahi kuingia katika kipindi hicho, hata kikiwa kigeni kabisa, huweza kupokewa kama cha nyumbani.

Kutoka Brazil hadi Oxford

Medawar alizaliwa nchini Brazil tarehe 28 Februari 1915. Baba yake, Nicholas Medawar, alikuwa Mlebanon wa madhehebu ya Maroni aliyepata uraia wa Uingereza, na alifanya biashara ya vifaa vya madaktari wa meno. Mama yake, Edith Dowling, alikuwa Mwingereza. Vita Kuu ya Kwanza vilipomalizika, familia ilihamia Uingereza na mtoto akapelekwa katika shule za bweni. Jina lake la Kiarabu lilimtofautisha na wenzake, na miaka aliyosoma katika shule ya Marlborough, kuanzia 1928, aliikumbuka kwa uchungu hadi uzeeni. Brazil nayo haikumngoja: alipofikisha umri wa kuitwa jeshini bila kurudi kutumikia, alipoteza uraia wa nchi aliyozaliwa.

Mwaka 1932 aliingia Chuo cha Magdalen katika Chuo Kikuu cha Oxford, akasoma elimu ya wanyama na kuhitimu mwaka 1935 kwa daraja la kwanza. Kisha akajiunga na maabara ya Howard Florey, mtafiti ambaye baadaye aliongoza kazi ya kuigeuza penisilini kuwa dawa. Mwaka 1937 alimwoa Jean Taylor, mwanafunzi mwenzake wa elimu ya wanyama. Baadhi ya jamaa za bibi harusi hawakuifurahia ndoa hiyo ya kijana asiye na mali wala ukoo unaojulikana nchini, lakini ilidumu miaka 50 na kuzaa watoto wanne.

Wote waliomfahamu wanaeleza juu ya mtu mwenye urefu wa karibu mita mbili, mwepesi wa maneno, mpenda opera, na mwenye kujiamini kulikoweza kuwaudhi wengine. Hadi alipofikisha umri wa miaka 25, hata hivyo, alikuwa bado hajapata swali la kumtosha maisha yake yote.

Ndege iliyoanguka

Swali hilo lilimfuata nyumbani. Mwaka 1940, Uingereza ikiwa vitani, Medawar alikuwa bustanini kwake Oxford pamoja na mkewe na binti yao mkubwa walipoiona ndege ya kivita ikipita chini mno. Muda mfupi baadaye ilianguka si mbali na hapo. Mwanajeshi mmoja wa anga alitolewa akiwa hai, lakini sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa imeungua.

Kabla ya miaka hiyo, mgonjwa wa namna hiyo angefariki mapema kwa mshtuko wa mwili au kwa uambukizo. Sasa kuongezewa damu na dawa mpya za kuua vijidudu viliweza kumweka hai kwa wiki nyingi, naye akabaki na majeraha yasiyo na cha kuyafunika. Madaktari walimwomba Medawar, mtu wa maabara, aje kumtazama na kueleza kama sayansi ilikuwa na msaada wowote. Alijaribu kuifanya ngozi chache iliyosalia mwilini mwa mgonjwa ienee zaidi: aliikata vipande vyembamba sana, akazitenganisha seli zake na kujaribu kuzikuza. Hakufanikiwa kiasi cha kutosha.

Njia iliyobaki ilikuwa kuchukua ngozi ya mtu mwingine. Madaktari wapasuaji walijua tangu zamani kwamba ngozi hiyo hushika kwa siku chache, hupata damu na kuonekana nzima, kisha hubadilika rangi, hufa na kubanduka. Waliojaribu kueleza sababu walitaja kasoro za ufundi wa upasuaji, au tofauti za kimaumbile zisizo na jina. Medawar aliona kwamba mpaka sababu hiyo ijulikane, hakuna ustadi wa kisu utakaowasaidia walioungua.

Ushahidi wa Glasgow

Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilimwezesha kwenda Glasgow, katika kitengo cha majeruhi wa moto cha hospitali kuu ya mji huo, akafanye kazi na daktari mpasuaji Thomas Gibson. Huko walimhudumia mwanamke kijana aliyeungua vibaya. Walimpandikiza vipande vidogo vidogo vya ngozi, vingine kutoka mwilini mwake mwenyewe, vingine kutoka kwa kaka yake, na kila baada ya siku chache Medawar alichukua sampuli na kuitazama kwa hadubini.

Ngozi ya mgonjwa mwenyewe ilishika. Ya kaka yake ilianza vizuri, kisha ikavamiwa na seli nyeupe za damu na kuharibika. Wakapandikiza fungu la pili la ngozi ya kaka huyo huyo. Kama tatizo lingekuwa ufundi au lishe ya kipande, fungu la pili lingepaswa kuishi muda sawa na la kwanza. Liliharibiwa upesi zaidi sana.

Tofauti hiyo ya siku chache ndiyo iliyokuwa ugunduzi. Mwili uliokumbuka ngozi ya kaka na kuishambulia kwa kasi zaidi mara ya pili ulikuwa unafanya kile kile unachofanya baada ya kuugua surua au kuchanjwa ndui. Kukataa kipandikizi, kwa hiyo, kulikuwa kazi ya kinga ya mwili. Gibson na Medawar walichapisha matokeo hayo mwaka 1943. Medawar alirudi Oxford na kuyathibitisha kwa sungura kupitia mamia ya vipandikizi vilivyohesabiwa siku kwa siku.

Ng'ombe mapacha wakataa kutii

Mwaka 1947 alikuwa profesa wa elimu ya wanyama mjini Birmingham, akafuatwa na mwanafunzi wake Rupert Billingham. Mwaka uliofuata alihudhuria kongamano la wataalamu wa jenetikia mjini Stockholm, Sweden. Huko Hugh Donald, mtaalamu wa mifugo mzaliwa wa New Zealand, alimuuliza jinsi ya kutofautisha ndama mapacha waliotoka katika yai moja na wale waliotoka katika mayai mawili. Medawar alijibu bila wasiwasi: pandikiza ngozi ya mmoja kwa mwenzake. Mapacha wa yai moja wataipokea, wengine wataikataa.

Billingham na Medawar walikwenda shambani kufanya jaribio walilodhani lingechukua siku chache. Karibu ndama wote walipokea ngozi za mapacha wao, hata pale mmoja alipokuwa dume na mwingine jike, jambo lililothibitisha kwamba hawakutoka katika yai moja. Kwa kanuni ya Medawar mwenyewe, hilo halikuwezekana.

Maelezo yalikuwa tayari yamechapishwa mbali na hapo. Mwaka 1945 Ray Owen wa Wisconsin, Marekani, alikuwa ameonyesha kwamba ndama mapacha hubeba damu ya aina mbili, yake na ya pacha wake, kwa sababu wakiwa tumboni mishipa ya makondo yao huungana na damu zao kuchanganyika. Mwaka 1949 Frank Macfarlane Burnet na Frank Fenner wa Melbourne, Australia, walitumia habari hiyo kupendekeza kwamba mwili hujifunza kujitambua ukiwa bado tumboni. Burnet alijaribu kulithibitisha wazo hilo kwa viinitete vya kuku, akashindwa.

Medawar na Billingham walipoyasoma hayo, shamba la ng'ombe likapata maana. Ndama alikuwa amekutana na seli za pacha wake kabla kinga yake haijakomaa, na tangu hapo akazihesabu kuwa zake.

Kiraka cheupe mgongoni mwa panya

Mwaka 1951 Medawar alihamia Chuo Kikuu cha University College London. Billingham alikwenda naye, na akaungana nao Leslie Brent, kijana Myahudi aliyeokolewa kutoka Ujerumani ya Wanazi akiwa mtoto, katika misafara iliyowapeleka watoto Uingereza bila wazazi wao. Watu hao watatu waliamua kutengeneza kwa makusudi kile ambacho maumbile yalikuwa yamewafanyia ng'ombe kwa bahati.

Walichukua panya wajawazito wa ukoo wenye manyoya ya kahawia, wakawadunga watoto waliokuwa bado tumboni seli za panya wa ukoo mwingine, mweupe. Watoto hao walizaliwa na kukua. Walipokomaa walipandikizwa kipande cha ngozi ya panya mweupe, ambacho kwa kawaida kingekataliwa ndani ya wiki mbili. Kwa baadhi yao ngozi hiyo ilishika, ikaota manyoya, na ikabaki kama kiraka cheupe mgongoni mwa panya wa kahawia. Ngozi ya ukoo wa tatu, ambao hawakuwahi kukutana nao tumboni, waliikataa kama panya mwingine yeyote. Kinga yao ilikuwa imara; ilikuwa imejifunza jambo moja mahsusi.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kinga ya mwili nayo hukunjwa ingali mbichi.

Katika taarifa hiyo, iliyotoka katika jarida la Nature tarehe 3 Oktoba 1953, kulikuwa na jaribio jingine lisilosimuliwa mara nyingi. Watafiti walichukua panya aliyeishi kwa amani na kiraka chake, wakamtia seli za tezi za limfu kutoka kwa panya wa ukoo wake mwenyewe ambaye alikuwa amekwisha kufundishwa kuuchukia ule mweupe. Kiraka kilichodumu muda mrefu kikaharibiwa. Hivyo ngozi haikuwa imepoteza ugeni wake hata kidogo. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya seli za kinga za mwenyeji, na mwenye kutoa hukumu alikuwa seli, wala si maji ya damu.

Nobel, na tezi iliyodharauliwa

Mwaka 1960 Medawar na Burnet walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Billingham na Brent hawakutajwa. Medawar aligawana nao fedha alizopata. Mwaka 1962 alipewa uongozi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko Mill Hill, London, na mwaka 1965 akapewa hadhi ya kuitwa Sir. Sauti yake ilijulikana pia redioni. Alitoa mihadhara ya Reith ya BBC ya mwaka 1959, na baadaye akawashangaza wasikilizaji kwa kudai kwamba taarifa za kisayansi huficha jinsi ugunduzi unavyotokea, kwa kuwa hupanga mambo kana kwamba mtafiti hakuwahi kukisia wala kupotea njia. Mtu aliyekwenda shambani kutafuta jambo moja na kurudi na jingine alijua alichokuwa akisema.

Yeye mwenyewe hakuepuka kupotea. Mwaka 1961 Jacques Miller, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Australia, alikuwa akifanya utafiti London. Aliwatoa panya wachanga tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua juu kidogo ya moyo. Panya hao walikua wakiwa na upungufu wa seli nyeupe, nao walipokea ngozi za ukoo mwingine bila kuzikataa. Miller alihitimisha kwamba tezi hiyo, iliyodhaniwa kuwa haina kazi, ndiyo chimbuko la seli za kinga. Medawar hakushawishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bado aliona kuwapo kwa seli hizo ndani ya thaimasi kuwa jambo la bahati tu katika historia ya viumbe, lisilo na uzito.

Miller alikuwa sahihi. Seli zinazokomaa katika thaimasi zimepewa jina la seli T, kwa herufi ya kwanza ya jina la tezi hiyo, na ndizo zilizokuwa zikiharibu ngozi Glasgow na kuihurumia katika panya wa London. Shule ambayo Medawar alithibitisha kuwapo kwake ilikuwa na jengo, na jengo lilikuwa pale asipotaka kutazama.

Jinsi seli T inavyoamua

Yaliyofunuliwa tangu hapo yanaeleza kazi ya Medawar kwa undani ambao yeye hakuufikia. Kila seli T imebeba juu ya ngozi yake maelfu ya vipokezi vya umbo moja, na umbo hilo hupatikana kwa vipande vya jeni kuchanganywa kwa kubahatisha. Hivyo mwili huwa na mamilioni ya maumbo tofauti, mengi yakiwa yameandaliwa kwa wageni ambao hawajawahi kuonekana.

Kipokezi hicho hakimtazami mgeni moja kwa moja. Kila seli ya mwili huvunja vipande vya protini zilizomo ndani yake na kuvitandaza nje juu ya protini maalumu ya utambulisho, mfano wa mchuuzi anayepanga bidhaa juu ya sinia. Seli T hupita ikikagua sinia pamoja na kilichomo. Mwaka 1974 Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakiwa Canberra, Australia, walionyesha kwamba seli T huhitaji kuvitambua vyote viwili kwa pamoja: sinia la nyumbani na kipande kigeni juu yake. Sinia hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na ndiyo sababu ngozi ya kaka huonekana na seli T nyingi mno kwa wakati mmoja kuwa ya adui.

Jambo gumu zaidi ni kwamba sinia nyingi hubeba vipande vya mwili wenyewe, na kipokezi huvigusa hivyo pia. Tofauti kati ya chake na kigeni hupimwa kwa muda wa kushikana. Kipokezi kinaposhika kipande, kimeng'enya kiitwacho Lck hutia alama za fosfeti kwenye mikia ya kipokezi iliyo ndani ya seli. Kingine, ZAP-70, hujipachika hapo na kuendeleza ujumbe. Kisha kalsiamu huingia kwa wingi na jeni za vita huwashwa. Hatua hizi hufuatana, na kila moja huhitaji mshiko uendelee. Kipande cha mwili wenyewe kwa kawaida huachia mapema na ujumbe hukatika njiani. Kipande kigeni hukaa sekunde kadhaa, na ujumbe hufika. Ni kama bomba la maji la kubonyeza lililo juu ya ndoo inayovuja: anayebonyeza na kuachia hataijaza ndoo kamwe, na anayeshikilia ataifurisha.

Katika thaimasi, seli T changa hupitishwa katika mitihani miwili. Isiyoweza kabisa kugusa sinia za nyumbani hufa, kwa kuwa haitakuwa na kazi. Inayovishika vipande vya nyumbani kwa nguvu mno nayo huuawa, au hugeuzwa kuwa seli tulizaji. Zinazohitimu hazifiki 10 katika kila 100. Seli alizodungwa panya wa Medawar ziliwahi kuingia katika shule hiyo, zikaonyeshwa miongoni mwa vitu vya nyumbani, na seli T ambazo zingewashambulia wageni hao hazikuhitimu.

Mitihani hiyo haikamati kila mkosaji. Wachache hupenya, na hapo ndipo kikulacho kinapokuwa nguoni mwako: kisukari cha utotoni hutokea seli T zinaposhambulia kongosho la mwenyewe. Kuwazuia wakosaji hao waliopenya ni kazi ya seli tulizaji, ambazo Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kutoka maabara hadi wodini

Medawar hakuahidi tiba. Roy Calne, aliyekuja kuwa mpasuaji mashuhuri wa Cambridge, alisimulia kwamba akiwa kijana alimsikia akiulizwa kama matokeo ya panya yangewafaa wagonjwa, naye akakana kabisa. Ni kweli kwamba mtu mzima hawezi kurudishwa tumboni akafundishwe upya. Mwaka 1954 Joseph Murray alifanikiwa kupandikiza figo mjini Boston kwa kuwa mgonjwa na mtoaji walikuwa mapacha wa yai moja. Wengine wote walibaki bila tumaini.

Lakini mara ilipojulikana kwamba adui ni kinga, ilijulikana pia mahali pa kuelekeza dawa. Calne na wengine walitafuta kemikali za kuipunguza makali. Katika miaka ya 1980 ilienea siklosporini, dawa iliyotokana na ukungu, ambayo hukata ujumbe wa kipokezi cha seli T baada tu ya kalsiamu kuingia, kabla jeni hazijawashwa. Upandikizaji ukawa tiba ya kawaida, na umeenea hadi Afrika Mashariki: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017.

Gharama yake ni nzito. Dawa hizo humezwa kila siku maisha yote, na kwa kuwa huzinyamazisha seli T zote bila kuchagua, humwacha mgonjwa wazi kwa maambukizi na baadhi ya saratani. Panya wa mwaka 1953 hawakuhitaji kidonge chochote.

Miaka ya mwisho

Mwezi Septemba 1969, akiwa rais wa chama cha Uingereza cha kuendeleza sayansi, Medawar alikuwa akisoma somo la Biblia katika kanisa kuu la Exeter alipopatwa na kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 54. Upande wa kushoto wa mwili wake ulipooza, na uongozi wa taasisi ya Mill Hill aliuachia mwaka 1971.

Hakunyamaza. Alirudi maabara kwa kadiri mwili ulivyomruhusu, na kwa msaada wa Jean, aliyekuwa sasa mkono wake na macho yake, aliandika vitabu vilivyosomwa na watu wasiowahi kuingia maabara, kikiwamo kitabu cha ushauri kwa mwanasayansi kijana kilichotoka mwaka 1979. Viharusi vingine vilifuata, vikimpunguzia nguvu kila mara. Mwaka 1986 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, zilizojaa mzaha na zisizo na malalamiko. Alifariki London tarehe 2 Oktoba 1987, akazikwa katika kijiji cha Alfriston, kusini mwa Uingereza.

Siku sita baadaye, tarehe 8 Oktoba, jarida lile lile la Nature lilitoa kazi ya Pamela Bjorkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa mara ya kwanza ilionekana sura halisi ya ile protini ya utambulisho, ikiwa na bonde katikati ambamo kipande cha protini hulala kikisubiri kukaguliwa.

Kazi aliyoiacha bado haijakamilika. Katika hospitali chache za Marekani, baadhi ya wagonjwa wamepewa figo pamoja na seli za uboho wa mtoaji yule yule, ili thaimasi na damu yao vizoee seli za watu wawili kama ilivyokuwa kwa ndama mapacha. Kwa baadhi yao dawa zimesimamishwa na figo imeendelea kufanya kazi kwa miaka. Wengi zaidi bado wanameza vidonge vyao asubuhi na jioni, wakingoja siku ambayo mwili wa mtu mzima utaweza kufundishwa tena.